Mafunzo ya kuuza nje yaanzie kwenye ndoo ya asali

Kati ya mafunzo ya wajasiriamali niliyohudhuria hapa Singida, yaliyonifaa ni yale ambayo mkufunzi aliacha kutuhamasisha akaanza kutufundisha. Hamasa tunayo tayari. Tunachokosa ni maarifa ya mambo madogo yanayofanya mzigo ukataliwe sokoni.

Siku moja mkufunzi alituomba kila mmoja alete asali yake, akadondosha tone juu ya kioo cha kipima unyevu na kutuita tuchungulie kwa zamu. Asali ya mama mmoja, iliyovunwa kabla masega hayajafunikwa na nta, ilisoma asilimia 23. "Mama, hii itachacha kabla haijafika," mkufunzi alimwambia kwa upole, kisha akaeleza kwamba soko la Umoja wa Ulaya linataka unyevu usiozidi asilimia 20. Wengi wetu tulidhani dawa ni kuichemsha, kumbe joto huongeza kemikali iitwayo HMF, ambayo soko hilohilo limeiwekea kikomo cha miligramu 40 kwa kilo, au 80 kwa asali itokayo nchi za joto. Hivyo anayekimbia kosa la kwanza kwa moto huangukia la pili, na tiba ya kweli ni kusubiri masega yakomae.

Upande wa masoko ya jirani, jambo ambalo lingepaswa kufundishwa mwanzoni kabisa ni cheti rahisi cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani hati inayouvusha mzigo bila ushuru wa forodha, ambayo mfanyabiashara mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 huipata palepale mpakani, mradi bidhaa yake imetoka ndani ya Jumuiya na imo katika orodha iliyokubaliwa. Inaniuma kuona watu wenye bidhaa halali wakipita njia za panya kwa kutojua haki hiyo.

SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mikoani, na TanTrade, mamlaka ya maendeleo ya biashara, ina jukumu la kututafutia masoko; kwa hiyo wa kutufundisha wapo. Ninachowaomba ni kwamba mafunzo yapangwe msimu wa mavuno, asali ikiwa bado ndooni, na ofisa wa forodha aalikwe aje na fomu zake, tuzijaze wenyewe mbele yake na atusahihishe papo hapo.