Utepe wa Njano Kwenye Mti wa Matufaa

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, natumaini wiki imewaendea salama. Naandika hii nikiwa jikoni, sufuria ya matufaa inachemka na mdalasini na iliki, nyumba nzima inanukia, na Neno lililonikaa moyoni wiki hii ni Walawi 19 mstari wa 9 na wa 10, pale Mungu anapowaambia Waisraeli wakivuna wasimalize mpaka pembe za shamba, na zilizodondoka wasirudi kuziokota, wamwachie maskini na mgeni.

Huku Stuttgart, Ujerumani, ni vuli sasa hivi. Sio vuli yetu ile ya mvua ambayo watu wanakimbilia shamba kupanda, huku vuli ndio kuvuna na kufunga, majani yanakuwa ya njano na mekundu yanapukutika mpaka njia ya kwenda stesheni huioni, halafu Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma na ikifika saa kumi na moja jioni giza linaanza kuingia. Mwaka wa kwanza lile giza lilinitesa jamani, nililia sana. Mume wangu ndio akaweka utaratibu kwamba Jumamosi mvua isiponyesha lazima tutoke, tunabeba chai kwenye chupa na maandazi, tunapanda treni tunashuka popote. Tulishaenda Ludwigsburg kwenye maonyesho ya maboga pale bustani ya kasri, mtu aliyezoea boga la kuchemsha na chumvi anasimama anashangaa tu.

Basi Jumamosi moja tukashuka upande wa Esslingen, kule kuna miti ya matunda ya zamani imesimama kwenye majani, haina uzio, haina mlinzi. Tukakuta mti wa matufaa umezaa mpaka matawi yameinama, na mengine chini yanaoza, nyuki wanayazunguka. Kwenye shina umefungwa utepe wa njano. Mimi mkono ukataka kwenda, mume wangu akanishika, "Mama, acha, tutaitiwa polisi hapa." Na kweli mweusi ukiwa kwenye shamba la mtu ugenini unawaza mara mbili. Tumesimama hivyo hivyo akapita bibi mmoja na mbwa wake, akatuona tunavyosita, akacheka kwa upole, akatuambia utepe wa njano maana yake mwenye mti karuhusu, yeyote achume bila kuomba, ila iwe kiasi cha kula nyumbani na msivunje matawi. Wenyewe wanauita Gelbes Band, upo wilaya ile na sehemu nyingine za Ujerumani. Kuna wenye miti hawawezi kuvuna yote, kwa hiyo badala ya kuacha yaoze wanafunga utepe.

Nilichuma la kwanza mikono inatetemeka. Tufaa dogo, lina madoa meusi kama limepakwa masizi, sio lile la supamaketi linalong'aa, lakini uling'ate sasa, uchachu kwanza halafu utamu unakuja nyuma taratibu.

Wapendwa wenzangu mnaoishi huku mnajua, hapa kila mlango unaulizwa karatasi. Kibali cha kuishi, anwani, bima, miadi uliyoiomba miezi miwili nyuma. Chini ya ule mti hakuna aliyeniuliza jina. Ndio nikamwelewa Ruthu, Mmoabu yule, mgeni aliyeokota masuke shambani kwa Boazi. Someni Ruthu 2, Boazi anawaambia vijana wake wachomoe masuke kwenye matita wamwachie makusudi na wasimkemee. Hakumwita mbele za watu akamkabidhi gunia, alimwachia aokote mwenyewe kwa heshima yake, na jioni Ruthu akapura akapata kama efa ya shayiri, kile kipimo chao cha nafaka, akarudi kwa mkwewe kichwa juu.

Na hawa watu wa huku njaa waliijua. Ile sherehe ya Cannstatt hapa Stuttgart ambayo siku hizi ni bia na mabembea, ilianza 1818. Volkano ya Tambora kule Indonesia ililipuka Aprili 1815, mwaka uliofuata huku Ulaya kiangazi hakikuwepo, mazao yakaharibika, watu wakafa njaa. Mavuno yaliporudi Wilhelm wa Kwanza, mfalme wa Württemberg, ufalme wa huku enzi hizo, na mkewe Katharina wakaanzisha sikukuu ya kilimo, na mpaka leo katikati ya uwanja wanasimamisha mnara umepambwa kwa nafaka na matunda, mita 26. Kila nikipita pale nauangalia ule mnara, nakumbuka sikukuu ya mavuno kwetu Moshi, mikungu ya ndizi na kuku madhabahuni, ibada ikiisha mnada.

Sasa kilichonichoma ni hiki. Mimi na mume wangu hatuna shamba, tuna wikiendi. Mwezi uliopita dada mmoja kafika kutoka nyumbani, anaanza kusomea unesi, hamjui mtu, akanipigia kuniomba nimsindikize kununua koti. Nikamwambia nimebanwa mpenzi, labda baadaye. Na nilikuwa nimebanwa na nini? Na hizi safari zetu za kunisaidia mimi nisilie. Jumamosi yangu nilikuwa nimeivuna yote, mpaka pembeni, sikuacha hata saa moja ya mgeni, na mimi mwenyewe ndio nimekula matunda ya mti wa mtu nisiyemjua. Nilisoma Walawi usiku ule nikashindwa kulala, nikatubu.

Asubuhi nikampigia. Nilimwomba msamaha, akanyamaza kidogo, akasema "Dada, mimi nilidhani nimekukosea." Hilo neno bado linaniuma.

Jumamosi iliyopita tulikuwa watatu. Tulianzia duka la mitumba, akapata koti la sufu, kubwa kidogo limempita magoti, kalipenda, halafu tukapanda treni mpaka kule kwenye utepe wa njano. Matufaa yamebaki machache, ya juu juu, mume wangu akawa anayavuta kwa mpini wa mwavuli na yule dada yuko chini ametandaza lile koti anayadaka.