Kufilisika nako kuna kiingilio

Mwanasheria wa kwanza niliyemwendea anifungulie kesi ya kufilisika, mahakama inifutie madeni, alinitajia dola 1,800, ada ya mahakama mbali. Nikacheka, kile kicheko kinachokutoka ukiwa huna pa kushika. Nikamwambia, "Ningekuwa na 1,800 mkononi ningekuja kwako kufanya nini?" Yeye hakucheka. Nadhani husikia maneno hayo kila siku.

Ilikuwa Agosti 2024, mwezi mmoja tangu kimbunga Beryl kipite hapa Houston. Kwetu umeme ulikatika siku sita, vyakula vikaoza frijini, na bibi ninayemtunza akachukuliwa na binti yake hadi Dallas mpaka hali itulie. Wiki tatu sina saa hata moja ya kazi. Wabeba boksi wenzangu mnaelewa, kazi ya kutunza wazee majumbani hulipwa kwa saa, na saa ikipotea ndiyo imepotea. Ila nisimsingizie Beryl. Alinikuta nimeshakaa chini, yeye alichonyang'anya ni mkeka tu.

Madeni yalikuwa hivi. Hospitali dola 11,400, upasuaji wa kidole tumbo wa mwaka 2022. Texas ni moja ya majimbo yaliyokataa kupanua Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na kazini kwangu bima hakuna. Gari lililobebwa usiku na watu wa mkopo, likapigwa mnada, nikabaki nadaiwa 6,900 kwa gari ambalo simo ndani yake. Kadi tatu za mkopo, jumla 14,700, na sehemu kubwa ya hizo ni tiketi na gharama za msiba wa baba. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mie hata huko kukopa kwenyewe kulikuwa matanga.

Jumla 33,000. Mama yangu kila siku hunikumbusha kuwa dawa ya deni ni kulipa, na nililipa kweli. Dola 410 kila mwezi kwenye zile kadi, na kila mwezi riba inazila karibu zote, deni linabaki lile lile kasoro vumbi.

Mwanasheria wa pili alikuwa na tangazo tamu, "Sifuri leo, tunafungua kesi kesho." Nikaenda mbio. Kumbe sifuri hiyo ni ya Sura ya 13 ya sheria ya kufilisika, si Sura ya 7. Kwenye Sura ya 7 madeni mengi yanafutwa na mambo yanaisha ndani ya miezi minne hivi. Sura ya 13 ni mpango wa kulipa kidogo kidogo miaka mitatu hadi mitano, na ada ya mwanasheria inaingizwa humo humo kwenye mpango. Ndiyo maana haombi kitu mlangoni. Kwa mwenye nyumba aliyochelewa kuilipia na anataka kuiokoa, ni njia nzuri. Mie nyumba sina. Ningelipa miaka mitano, tena kwa ada kubwa kuliko ya yule wa kwanza, kisa tu sikuwa na pesa taslimu siku ile. Maskini hununua sukari kwa vipimo vya karatasi, na mwisho wa mwezi amelipa kuliko aliyenunua mfuko.

Wa tatu alikuwa mama mtu mzima, ofisi yake iko juu ya duka la matairi. Yeye alitaka 1,300. Nikamuuliza kwa nini nyote mnataka pesa kabla. Akanieleza taratibu: nikikufanyia kazi kwa mkopo, siku tunayofungua kesi mimi nami nakuwa mdai wako kama ile hospitali, na deni langu linafutwa pamoja na lao. Na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 2004, hata vitu vya mdaiwa vikiuzwa, mwanasheria wake hawezi kulipwa humo kwenye Sura ya 7 ila kwa idhini maalumu. Hapo nikamwelewa. Nikaacha kumwona mchoyo.

Sasa, 1,300 inatoka wapi? Watu wengi huniuliza hili wakinong'ona, na jibu hawalipendi. Mwanasheria aliniambia niache kulipa kadi. Basi. Zile kadi zinakwenda kufutwa, kila dola ninayotia humo naitupa baharini. Mie niliyelelewa na "dawa ya deni ni kulipa" niliacha kulipa Septemba, na usiku wa kwanza sikulala. Simu zikaanza. Asubuhi, mchana, nimemshika bibi bafuni simu inalia. Nikajifunza sentensi moja ya Kiingereza, kwamba nina mwanasheria na namba yake ni hii, na wengi wao walinyamaza.

Ile 410 yote sikuiweka, nisiwadanganye. Kodi ya nyumba nilikuwa nyuma, na dawa za presha za mama Tanga hazisubiri. Nilimpelekea mwanasheria 150 kila mwezi, Septemba hadi Januari, ikafika 750. Zile 550 zilizobaki zilitoka kwenye marejesho ya kodi ya mapato. Sisi wenye kipato kidogo tunaopata ndani ya marejesho hayo ile nyongeza ya serikali kwa wafanyakazi, sheria inazuia turejeshewe kabla ya katikati ya Februari, basi nikasubiri. Mwisho wa Februari nilipokwenda kumalizia, ofisi yake imejaa kama soko la Mgandini mkesha wa Idi. Watu hungoja serikali iwarudishie kodi yao wapate kumlipa mwanasheria awapeleke mbele ya serikali.

Ada ya mahakama ni 338. Imegawanyika: 245 ya kufungua kesi, 78 ya uendeshaji, 15 ya mfilisi, yule msimamizi anayekagua mali na madeni yako. Unaweza kuomba usamehewe yote kama kipato cha kaya hakifiki asilimia 150 ya mstari wa umaskini na huwezi kulipa hata kwa awamu. Kwa kaya ya watu wawili, mwaka 2025, mpaka huo ulikuwa dola 31,725 kwa mwaka. Mie na mwanangu ni wawili. Nikachukua shifti za usiku ili nimalize ada ya mwanasheria, na shifti hizo hizo zikanivusha mpaka wa msamaha. Mama, wadogo zangu wawili na watoto wa marehemu dada, wote ninaowatumia pesa kila mwezi, hawahesabiwi kwenye kaya. Ingawa kuna mstari kabisa kwenye fomu za mahakama, malipo ya kusaidia watu wasioishi nawe. Niliuandikia 200 kwa mkono ule ule ninaobofyea kutuma M-Pesa.

Basi nikaomba kulipa kwa awamu, wakakubali. Awamu nne za dola 84 na senti 50, ya mwisho ndani ya siku 120 tangu kufungua. Karani wa mwanasheria alinionya nisichelewe hata moja, kesi inaweza kutupwa. Kila mwezi nilinunua mani oda dukani, nikaiweka ndani ya Kurani mpaka siku ya kuipeleka.

Kuna madarasa mawili ya lazima kuhusu pesa, moja kabla ya kufungua kesi na moja kabla ya kufutiwa. Yangu yalikuwa dola 25 na 15. Niliyafanya kwenye simu saa nane za usiku. La kwanza liliniuliza kama nimefikiria kupunguza kula mahotelini.

Mpaka hapo ni hesabu. Kilichonitoa jasho ni orodha.

Kwenye kufilisika unaapa kwamba umetaja kila unachomiliki na kila anayekudai, popote duniani. Nina kiwanja Pongwe. Nilikinunua 2016 kwa shilingi milioni tatu, karatasi ya mauziano anayo mdogo wangu, na hakuna Mmarekani anayejua kama kipo. Mbeba boksi mwenzangu mmoja alinishauri nikae kimya. Mwanasheria akanitazama juu ya miwani akasema kimya hicho kinaitwa udanganyifu, na ndicho kinachopeleka watu jela, si deni. Tukakiandika. Kuna kinga, yaani mali ambayo sheria inakuruhusu ubaki nayo, na Texas inaruhusu mtu achague kati ya kinga za jimbo na kinga za shirikisho. Za jimbo zina ukarimu mkubwa kwa mwenye nyumba hapa, lakini kiwanja cha Tanga hazikioni. Za shirikisho zina fungu unaloweza kukingia kitu chochote, wakati ule lilikuwa hadi dola 15,425 kwa asiye na nyumba. Kiwanja changu kikaingia humo, na nafasi ikabaki. Kipo bado. Kina migomba ya jirani.

Mwanasheria akaniuliza kama ndani ya mwaka nimemlipa ndugu yeyote. Kaka yangu wa Minnesota nilimrudishia 500 mwezi wa Desemba, kwa sababu yeye ni kaka na benki ni benki. Akashusha pumzi. Ingefika 600, mfilisi angeweza kumfuata azirudishe zigawiwe wadai wote. Sheria yao haina kaka.

Halafu akauliza, "Kuna yeyote asiye benki unayedaiwa naye? Rafiki? Kikundi?"

Nikanyamaza. Tulikuwa na mchezo, wanawake kumi, dola 200 kwa mwezi, umeanza Agosti. Mie nilipokea Oktoba, namba tatu, nikanunua Corolla ya 2009 iliyonirudisha kazini. Mpaka tunafungua kesi katikati ya Machi nilikuwa nimebakiza miezi miwili, dola 400. Nikamweleza upatu ni nini. Akasema, "Ni deni. Jina na anwani." Na kila aliyetajwa hutumiwa barua na mahakama.

Nikapiga picha akilini ile barua yenye nembo ya mahakama ikitua kwenye sanduku la posta la kijumbe wetu, mwanamke aliyenioshea maiti ya mimba iliyonitoka mwaka niliofika Houston. Nikaendesha hadi kwake Alief jioni ile ile. Nilimkuta anachambua mchicha.

"Dada, itakuja barua. Usishtuke."

"Barua ya nini?"

Nikamweleza. Akaendelea kuchambua mpaka nikamaliza. "Kwa hiyo ndiyo hutulipi?"

"Nitawalipa. Mahakama hainilazimishi, lakini haikatazi mtu kulipa kwa hiari yake."

"Hii barua wengine wataiona?"

"Imetajwa kwako wewe, kijumbe."

Akachukua muda. "Basi iishie kwangu," akasema, na akaniuliza kama nimekula.

Mama kwa simu alikuwa kazi nyingine. Nilitumia neno kufilisika, na Tanga neno hilo lina picha moja tu, dalali na vijana wanne wanatoa makochi nje, na siku hizi wale wa mikopo ya kausha damu wanaobeba hadi jiko la gesi. "Wamechukua kitanda?" akaniuliza. Hawakuchukua kijiko, mama. Hakuna aliyefika nyumbani. Mpaka leo sidhani kama ananiamini. Na wale waliovumisha kuwa utanyang'anywa makaratasi ya ukaazi, nilimuuliza mwanasheria hilo kabla hata ya bei. Alisema kufilisika si kosa la jinai, kosa ni kudanganya kwenye fomu.

Kikao na mfilisi kilikuwa Aprili, kwa Zoom, nikiwa ndani ya Corolla nje ya jengo la bibi, katikati ya shifti. Mkalimani wa simu hutolewa bure ukiomba, Kiswahili kipo. Nilikataa. Kiingereza changu kinatosha, lakini ukweli ni kwamba niliogopa sauti itakayotoka iwe ya mtu ninayemjua kutoka msikitini. Waswahili wa Amerika ni wachache kuliko mnavyodhani.

Nilionyesha kitambulisho na kadi ya hifadhi ya jamii, nikaapa. Mfilisi akaniuliza kama fomu ni za kweli, akauliza thamani ya kiwanja, akauliza kama nategemea urithi wowote ndani ya siku 180 tangu nifungue kesi. Nikasema hapana, mama yangu yu hai, Mungu ampe umri. Neno la mwisho lilinitoka kwa Kiswahili. Akasema asante. Dakika sita. Nimekaa foleni ya mkate muda mrefu kuliko huo.

Amri ya kufutiwa madeni ilifika mwisho wa Juni, karatasi mbili. Jumla nilitumia dola 1,678, ukiacha ada za mani oda. Rekodi inaweza kukaa miaka kumi kwenye historia yangu ya mikopo, na Sura ya 7 nyingine siwezi kupata mpaka miaka minane ipite tangu siku niliyofungua kesi. Hilo wakopeshaji wanalijua, maana wiki ya tatu tu ililetwa barua ya kadi mpya, jina langu kwa herufi za dhahabu. Mwanangu ndiye aliyeifungua.

Zile 400 za mchezo nililipa, 200 Aprili na 200 Mei, mkononi mwa kijumbe, na hakuandika popote.

Mchezo mpya umeanza Agosti. Aliniita akaniambia nimo, kisha akanitumia orodha kwenye WhatsApp. Nimepangwa namba kumi.