Koli wetu na manywele yake
Watoto walinisumbua mwaka mzima wanataka mbwa, mi nikasema sawa ila awe koli, wale wa Scotland wa kuchungia kondoo, maana wanasifika kwa upole na watoto. Sijajuta, ila hakuna aliyeniambia kuhusu nywele jamani! Ziko tabaka mbili, la chini laini kama pamba, usipomchana wiki mbili tu nyuma ya masikio panajisokota mafundo hadi uchukue mkasi. Hapa Arusha Julai anafurahi, Januari anajilaza sakafuni jikoni ananitazama kama mi ndo nimewasha jua.

Afu ile kazi ya kuchunga iko damuni, watoto wakikimbia anawazunguka anawadokoa visigino, kitinda mimba alilia siku ya kwanza. Mtembeze asubuhi na jioni la sivyo atabweka mpaka majirani wakuchukie.

Ila kubwa ni dawa. Koli wengi wana hitilafu ya jeni inaitwa MDR1, kwa hiyo ivamektini, ile dawa ya minyoo wanayodungwa ng'ombe, inaweza kumuua kabisa. Daktari mmoja alishavuta sindano, nikamdaka mkono.