Siku moja ya kuokota mbegu za mwaloni

Oktoba, kusini mwa Uingereza. Mbegu ni za kupanda na kuhifadhi; mwaloni wenyewe ni Quercus robur.

Saa 1:30 asubuhi. Kabla ya kuinama, tazama juu. Jei, ndege wa ukoo wa kunguru mwenye baka la buluu bawani, hupendelea kubeba mbegu nzima. Msimu mmoja huficha maelfu, akizifukia mojamoja, nyingine mbali kabisa na mti mama, na asizozirudia huota. Mti anaouhangaikia ndio wa kuanzia.

Za Septemba huachwa: nyingi zina funza wa fukusi, jamaa ya yule wa mahindi ya ghalani. Okota kahawia inayong'aa, iliyochomoka yenyewe kwenye kikombe, kile kibakuli kinachoishika mtini. Iliyoking'ang'ania mara nyingi ni bovu. Wala chini hapakombwi. Panya na kindi nao wana msimu wao.

Saa 4. Magunia ya wavu, kamwe si plastiki. Mbegu hii inapumua. Ukiifungia hupata joto na kuvunda.

Saa 6 mchana. Pipa la maji. Nzima huzama, iliyoliwa huelea. Ila iliyopungukiwa maji kidogo nayo huelea ingali hai, basi zinazoelea ziloweke usiku kucha kabla ya kuzihukumu. Kisha pasua kumi kwa kisu: ndani pawe rangi ya krimu, pagumu. Weusi ni kuvu.

Saa 8. Za kuhifadhi zinaingia maji ya nyuzi 41 kwa saa mbili na nusu, ili kuua kuvu iitwayo Ciboria batschiana. Kipimajoto kisitoke majini, maana joto likizidi kiini kinakufa.

Wakati huo za kupanda zinalazwa ubavu, kina cha sentimita 3, kwenye vyungu virefu. Mzizi mkuu hutangulia chipukizi kwa muda mrefu, na kwenye chungu kifupi hujiviringa, mti ukaharibika tangu utotoni. Juu funika wavu wa chuma. Panya mmoja akiingia usiku, asubuhi hukuti kitu.

Saa 10:30. Zilizotoka kwenye maji ya moto zinapoozwa na kukaushwa maganda tu, kisha chumba cha baridi, karibu nyuzi 2. Si maharage haya: unyevu wa ndani ukishuka chini ya asilimia 40, zinaanza kufa, na kuziloweka tena hakuzifufui.

Saa 12 jioni. Inabaki ndoo ya zilizoelea. Chini yake funza weupe wameshatoka, kila mmoja kwa kitundu cha mviringo. Usiimwage chini ya mti wa kuokota mwakani: watajichimbia udongoni na kutoka fukusi kamili.