Siku yangu kwenye karai la mgongo wazi, Mei 2020

Saa kumi na moja alfajiri kafyu ya korona inaisha, nami niko mlangoni na beseni. Kwa wasioijua Obunga hapa Kisumu: mgongo wazi ni samaki aina ya mbuta aliyekwisha kutolewa minofu kiwandani. Minofu huenda ng'ambo, sisi tunauziwa kichwa, mifupa na nyama iliyong'ang'ania.

Saa tatu nimesharudi, nimeparua, nimeosha, nimeanika.

Mchana zamani ulikuwa wangu na karai. Sasa shule zimefungwa tangu Machi, watoto wanne wako ndani, masomo yao yako redioni. Baba yao pia yuko, mjengo umesimama. Majirani wakipita humpa pole kwa kukosa kazi, nami wananikuta na mtungi wa tatu wa maji, maana siku hizi ya kunawa yanashinda ya kupikia. Nikimwomba amshike mdogo asikaribie mafuta, ananijibu, "Mama Atieno, huoni nasikiliza taarifa?" Kweli, Waziri wa Afya, Kagwe, anasoma idadi ya walioambukizwa.

Biashara hii ni ya jioni. Watu walikuwa wakitoka kazini ndipo wananunua, hadi saa tatu usiku. Kafyu ya kuanzia saa moja jioni imetuachia muda wa kama saa moja na nusu hivi, na jana nusu yake ilimezwa na kijana mmoja mwenye barakoa kidevuni. Aligeuza samaki wote kwa vidole.

"Mama, hii si mifupa tu?"

"Ndilo jina lake, mwanangu."

Bei hamsini, yeye ana arobaini. Sawa, chukua. La, niongezee kichwa. Kichwa ni cha kuuzwa! Basi atatuma kwa simu. Tukasubiri ujumbe. Mtandao, anasema. Nyuma yake kina mama watatu wakatazama saa, wakaondoka na vikapu vitupu. Ujumbe ulipoingia, arobaini kamili, wenzangu walikuwa wanazima moto, mmoja anapaza sauti kuwa polisi wako barabarani. Nikabeba karai lenye mafuta ya moto, mbio. Mkono huu bado unawaka ninapoandika.

Nyumbani jiko lilikuwa baridi. "Umechelewa, watoto wana njaa." Unga ulikuwa pale pale nilipouacha asubuhi.

Nikasonga ugali. Kichwa nilichomnyima yule kijana alikila baba Atieno, akasema chumvi haijakolea.