Miwani ya theluji, mkono wa mpingo

Mkono wa miwani umekaa! Nimeufungua na kuufunga mara arobaini hapa barazani, skrubu haijatoka na bawaba haijalegea. Wiki tatu zimeishia kwenye kitu nilichokiokota mtumba kwa bei ya sahani mbili za chipsi. Najua, msinipigie hesabu.

Nilianguka na pikipiki njia ya Msimbati, nikishatoka Madimba. Wanaoijua ile michanga hawahitaji maelezo. Goti lilipona lenyewe. Miwani ilitua upande wa kulia, mkono ukakatika pale kwenye bawaba, na lenzi ya kushoto ikaambulia mikwaruzo mitatu. Lenzi nitaizungumzia nikikumbuka. Shida ilikuwa mkono.

Nilianza na supaglu, kama kila mtu. Ilishika mpaka nilipojaribu kuivaa. Kibaya zaidi, mvuke wake ulipanda ukagandia upande wa ndani wa lenzi, ukungu mweupe uliokataa kutoka hadi nilipousugua kwa pamba na mafuta ya nazi jioni nzima. Fremu hizi za michezo ni jamii ya nailoni. Zinapinda bila kukatika, na gundi haizipendi kabisa.

Mara ya pili nikaongeza bekingi soda. Unanyunyiza unga, unadondosha supaglu, inatoa joto kidogo, na kabla hujafunga chupa imeshakuwa jiwe. Nilijiona injinia. Lakini jiwe halipindi, na mkono wa miwani kazi yake ni kupinda. Siku ya pili ulisema "tak" nikiwa naivua mbele ya watu.

Mara ya tatu ndiyo iliyoniumiza. Nilikata waya wa shaba vipande vitatu vidogo, nikavilaza kwenye ufa na kuvizamisha kwa ncha ya solda, kama mafundi wa bampa wanavyofanya. Bampa ina nyama. Mkono wa miwani pale kwenye bawaba una milimita nne tu. Plastiki ilichemka, ikatoa mapovu, ikanuka, na tundu la bawaba likawa pango. Na hapa niseme: solda ya bei rahisi isiyo na kipunguza joto ni ya waya wa redio. Ukiipeleka kwenye plastiki umeamua kuchoma. Anayesema yake inafanya kazi vizuri ana mkono mwepesi kuliko wangu, au bado hajaitumia.

Nikiwa nachokonoa bawaba kutoka kwenye lile donge kwa sindano ya moto, nikaona maandishi upande wa ndani wa mkono, yamelika kwa jasho. Nilisugua chaki juu yake, nikafuta kwa kidole, ikabaki kwenye mifereji tu. Yakasomeka: vipimo vya fremu, herufi CE (alama ya viwango vya Ulaya), namba 4, na kigari kidogo kilichopigwa mstari.

Nilikaa kimya kidogo.

Namba 4 ndiyo giza la mwisho kwenye miwani ya jua. Lenzi yake hupitisha mwanga asilimia 3 hadi 8 tu, na kile kigari kinasema usiendeshe chombo ukiwa umeivaa. Mkebe wake nilikuwa nao muda wote, una picha ya mtu kavaa mbao mbili ndefu miguuni akiteleza mlimani. Nilidhani ni pambo. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya jua inayounguza macho, na mchanga mkavu wa ufukweni hurudisha kama asilimia 15. Miwani hii ilitengenezwa kwa watu wanaoanguka kwenye theluji, mimi nikaivaa kupita chini ya mikorosho. Sasa nakumbuka vizuri: nilitoka kwenye jua kali, nikaingia kivulini, mbele kukawa kama kumefungwa pazia, na mchanga nikauona ukiwa tayari uko chini ya tairi la mbele. Wiki tatu nzima nilikuwa nalaumu tairi.

Basi, mpango ukawa kununua gundi ile ya kuchanganya mirija miwili. Nilitoka nyumbani kuifuata mjini. Sikufika dukani.

Njiani kuna mzee mchonga vinyago, na chini ya benchi lake palikuwa na mabaki ya mpingo, vijiti vyembamba vya urefu wa kiganja na ushee. Nilisimama. Kama wazungu wanatengenezea zumari zao za klarineti mti huu, mkono wa miwani unashindwaje? Shikamoo, marahaba, nikaeleza. Akaitazama miwani, akanitazama mimi, akaniachia vijiti viwili bure. Huenda alinihurumia.

Kuchonga umbo ilikuwa raha: tupa, kisha kipande cha chupa kukwangulia, kisha msasa. Mpingo haupindi kwa mvuke wa birika, nimejaribu, kwa hiyo kona ya nyuma ya sikio nimeichonga humohumo kwenye mti. Balaa likawa matundu ya bawaba. Skrubu zake ni za milimita 1.4. Nilivunja ncha mbili za drili za milimita moja, ya pili ikabakia ndani, na kijiti cha kwanza kikafia hapo. Nikarudi kwa mzee na kijiti cha pili.

"Unasukuma, mwanangu," akasema kabla sijamaliza. "Usisukume. Zungusha kidogo, toa, pangusa unga, rudi."

Alichonipa ni sindano ya cherehani iliyovunjwa kwenye tundu na kunolewa bapa juu ya jiwe, ikachomekwa kwenye mpini wa mti. Unaizungusha kwa vidole viwili. Dakika ishirini kwa tundu moja! Unga unatoka wa zambarau iliyokolea, karibu mweusi, na ncha haikukwama hata mara moja. Nimetengeneza yangu mbili. Drili ya umeme nimeirudisha kwenye boksi lake.

Makosa mengine haraka haraka. Niling'arisha kwa kiwi ya viatu kama vinyago, nikashinda juani, nikarudi na michirizi myeusi juu ya masikio. Nimeifuta yote, mpingo una mafuta yake. Pili, mti huu ni mzito, kipande chake kikitiwa majini kinazama, kwa hiyo miwani inainamia kulia. Itabidi nichonge na wa kushoto, ambao ulikuwa mzima kabisa. Lenzi nimeiacha na mikwaruzo yake. Mtu akikushauri dawa ya meno, mkatalie, inakwangua utando wote.

Skrubu ilikuwa bado inajifungua kila nikikunja. Nikamwomba Mama Zai rangi ya kucha.

"Ya kazi gani, Baba Zai?"

"Ya miwani."

Alinipa nyekundu, ile asiyoipenda. Tone moja kwenye meno ya skrubu, usiku mmoja ikauke. Jumamosi naivaa ndani ya ngalawa. Kwenye pikipiki nimechukua nyingine, namba 2, nimeisoma kwanza.