Kiko kipya: ukoko umeshika mpaka kitakoni

Kimekubali! Jana usiku, mara ya 19 kukijaza, nimevuta mpaka mwisho, nikakigeuza, pakatoka majivu makavu ya kijivu, bila lile tope jeusi. Kidole kidogo mpaka chini: panakwaruza kama sufuria ya wali ulioungua. Ukoko, jamani, lile ganda la kaa linalokinga mti wa kiko usiungue.

Mwanzo wa kuzoesha kiko kipya mnaujua: unakijaza tumbaku theluthi, baada ya mara kadhaa nusu, halafu kujaa. Nilifuata. Kuta za juu zilishika mapema, kwenye mara ya tano au ya sita. Kitako ndicho kilichonitesa. Chini kulibaki mti mtupu wa rangi ya chai, na kila nikikaribia kumaliza, kiko kinakoroma kama muzee aliyelala chali. Moto unazimika. Nawasha. Unazimika tena. Usiku mmoja nilimaliza nusu kiberiti kwa kiko kimoja, na umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo mtaa mzima ulinihesabia vijiti.

Kwanza nililaumu mti. Hiki ni cha Saint-Claude, Ufaransa, kizizi cha mti wa Erica arborea (ndugu zake wako juu kabisa ya mlima Kahuzi, lakini ile ni mbuga tangu 1970, msinipe mawazo). Mti hauna kosa. Halafu nikasikiliza ushauri wa kupaka asali ndani. Msipake! Ilichemka, ikanata, ikanuka karameli iliyoungua, na ukoko mchanga niliokuwa nao ukabanduka nayo. Mara tatu za kazi zimekwenda na maji.

Mwanga nimeupata sokoni Kadutu, hapa Bukavu, kwa mama mmoja anayeuza tumbaku ya kusokota. Alichukua kidogo kutoka mfuko wangu wa dukani, akaifinya, akacheka.

“Kijana wangu, hii ni sombe ama ni tumbaku?”

Kweli kabisa, ilikuwa na maji kama hiyo mboga ya majani ya muhogo. Mwezi wa nne Bukavu, shati linakaa kwenye kamba siku tatu, mimi navuta tumbaku jinsi ilivyotoka mfukoni. Sasa naitandaza kwenye gazeti kando ya mbabula, jiko letu la makaa, kando, si juu yake, nusu saa. Nikiifinya ikibaki donge, bado. Ikifunguka yenyewe polepole, iko tayari.

Lakini haikutosha, na hapa ndipo nilipokosa usingizi. Nilichukua unyoya wa kuku, nikaupitisha kwenye mrija mpaka ukatokeza ndani ya bakuli la kiko, panapokaa tumbaku. Ulitokea juu ya sakafu, karibu milimita mbili! Fundi alitoboa juu kidogo. Kwa hiyo chini ya tundu kuna kidimbwi: mvuke unapoa, maji yanakaa, tumbaku ya mwisho inaloa, haiungui, na pasipoungua kitu ukoko utoke wapi? Nilikoroga majivu laini na matone ya maji mpaka yakawa kama udongo wa kukandika, nikayashindilia chini hadi usawa wa tundu, unyoya ukiwa ndani ili nisizibe njia. Siku mbili yakauke. Halafu theluthi, theluthi, theluthi.

Mkiniuliza kilichosaidia ni udongo wa majivu au ni mbabula, sina jibu. Nilibadilisha vyote viwili pamoja, kwa hasira.

Vifaa: kile chuma cha vipande vitatu, cha kushindilia, kuchokoa na kukwangua, nimekiweka kando. Nashindilia kwa msumari mkubwa niliousugua kichwa kwenye jiwe. Kiberiti cha gesi kimenichomea ukingo, sikitaki. Na msichomoe mrija kiko kikiwa cha moto, nilisikia “ka!” moja ndogo, moyo ukasimama. Mrija haukupasuka.

Mpango ulikuwa kufika mara ya 30 kabla ya kugusa kitu kingine. Ila kiko lazima kipumzike siku nzima, na mimi sijui kupumzika. Leo tumekula mahindi ya kuchoma, nikabaki nayatazama magunzi. Marekani, kampuni ya Missouri Meerschaum wanatengeneza viko vya magunzi tangu 1869, kwa mahindi yenye magunzi manene, wanayakausha muda mrefu na kuyapaka plasta. Ya kwetu ni membamba, na moyo wake ni laini mno. Nitajaribu kuyakandika kwa nje, kwa udongo uleule wa majivu. Matatu yako juu ya ukuta wa jikoni, yanakauka. Moja mbuzi wa jirani amelichukua tayari.